Walipewa Jembe, Hawakupewa Kauli

Kila baada ya miaka michache Tanzania hutangaza mageuzi ya elimu, na kila mara lawama ni ileile: mwanafunzi wetu anakariri, hafikiri, anasubiri kuambiwa, hajitumi. Lawama hiyo ilikuwamo katika waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, ikarudi katika Azimio la Musoma la 1974, ikaandikwa upya katika mtaala wa 2005 uliodai ufundishaji shirikishi, na leo imo katika Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023. Mwalimu anayeifuatilia historia hii hawezi kusema kwamba wakubwa hawakuliona tatizo. Waliliona mapema na walilieleza vizuri. Hoja yangu ni kwamba dawa ilikosea mahali pamoja kwa zaidi ya nusu karne. Mageuzi yalibadilisha kile mwanafunzi anachofanya shuleni, hayakugusa kile anachoruhusiwa kuamua. Na mtu asiyeamua lolote kuhusu kazi yake, awe mtoto au mtu mzima, hawezi kuipenda kwa kuagizwa.

Ukoloni ulitangulia kutufundisha kosa hilo. Tume ya Phelps-Stokes ilipopita Afrika Mashariki mwaka 1924, ilipendekeza shule za Waafrika zifundishe kilimo, afya na ufundi wa vijijini, na mwaka uliofuata serikali ya Tanganyika iliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam kupanga jinsi ya kwenda na mawazo hayo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, kule Malangali, Iringa, ofisa mmoja wa elimu, W. Bryant Mumford, alianzisha shule iliyotaka kujengwa juu ya mila: wazee waliitwa kufundisha, ngoma zikaingia kwenye ratiba, mavazi yakaigwa ya zamani. Lilikuwa jaribio la mtu mwenye nia njema, na halikudumu. Aliyeamua mila ipi ni ya kweli na mtoto akae vipi alikuwa ofisa. Mtoto alitakiwa kuigiza asili yake mwenyewe kwa maelekezo ya mgeni. Wakati huohuo Tabora kulikuwa na shule iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, ikiendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza, na viranja wakisimamia wenzao kwa niaba ya walimu. Kati ya mifano hii miwili, wa Tabora ndio ulioenea nchi nzima. Kaka mkuu, dada mkuu, kiranja wa usafi, kiranja wa darasa: karibu kila shule ya umma inao mpaka leo, na kazi yao kubwa bado ni kuandika majina ya wapiga kelele.

Waraka wa 1967 uliandikwa na mtu aliyepita Tabora akiwa mwanafunzi na Pugu akiwa mwalimu. Mwalimu Nyerere alianza na hesabu isiyokwepeka: kati ya watoto waliokuwa wakimaliza shule ya msingi, asilimia 13 tu ndio wangepata nafasi ya sekondari. Hao wengine, yaani karibu wote, walikuwa wakiandaliwa kwa miaka saba kwa safari ambayo hawataifanya, kisha wanarudishwa kijijini wakijiona wameshindwa. Ndiyo maana alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, na shule iwe na shamba lake. Sehemu hiyo inajulikana na kila aliyesoma enzi hizo. Isiyosemwa sana ni jinsi alivyotaka shamba liendeshwe. Wanafunzi wenyewe washiriki kupanga, wajue hesabu za mapato na matumizi, wapime pamoja kama faida iliwe au iwekwe kwenye zana na majengo, na wayaone matokeo ya uamuzi wao, mazuri na mabaya. Katika waraka ule jembe lilikuwa njia tu. Lengo lilikuwa kijana aliyezoea kujadili, kuamua na kubeba lawama ya uamuzi wake, kwa sababu kijiji cha ujamaa kilihitaji mwananchi wa aina hiyo.

Na hilo halikuwa jambo la kufikirika tu. Kule Songea, katika kijiji cha Litowa, lilikuwa likifanyika kabla waraka haujaandikwa. Litowa ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU chini ya Ntimbanjayo Millinga, ikawa mama wa vijiji kadhaa vilivyoungana katika chama kilichojulikana kwa Kiingereza kwa kifupi cha RDA, yaani chama cha maendeleo cha Ruvuma. Vijiji hivyo vilipanga kazi zao kwenye mikutano ya wanakijiji, vikamiliki mashine ya kusaga nafaka, vikaendesha kiwanda cha mbao. Katikati ya mfumo huo kulikuwa na shule ya Litowa, na mwalimu mkuu wake, Suleman Toroka, aliieleza kwa maandishi mwaka 1968. Watoto kutoka vijiji vingine vya chama waliishi pale. Walilima, walipika, walitunza mazingira yao kama watoto wa shule nyingine nyingi, lakini mambo mengi ya maisha yao ya shuleni yalipitia kwenye mikutano na kamati zao wenyewe. Masomo yalifungwa na kazi ya kijiji, na kijiji kile hakikuwa kinamsubiri mtoto akafaulu akahamie mjini. Kilikuwa kinamsubiri arudi kwenye mkutano wa wazazi wake akiwa na la kusema. Nyerere alifika Litowa na kuiona kabla hajaandika waraka wake, na wanaoifahamu historia ya Ruvuma hawana shaka kwamba sehemu ya alichokiandika alikikuta pale.

Ukitazama kwa makini, siri ya Litowa haikuwa shamba. Mashamba ya shule yalikuwapo tangu enzi za Mwingereza. Tofauti ilikuwa kwamba watu wazima waliomzunguka mtoto nao walikuwa wakiamua mambo yao. Mtoto aliona baba na mama wakibishana mkutanoni kuhusu kiasi cha mahindi ya kuweka akiba, na shuleni naye akapewa nafasi ya kubishana kwa kipimo chake. Shule haikuwa inaigiza demokrasia kwa ajili ya somo la uraia. Ilikuwa imezungukwa nayo. Kwa hiyo chama kilipovunjwa, shule haikuweza kubaki ilivyokuwa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliipiga marufuku RDA, mali zake zikachukuliwa, na walimu wa Litowa wakahamishiwa kwingine. Sababu zimejadiliwa sana: viongozi wa mkoa hawakupenda vijiji visivyongoja amri yao, na chama tawala kilitaka ujamaa uwe mmoja, unaoongozwa kutoka juu. Kwa anayefikiria elimu, tarehe ile ni muhimu kuliko inavyopewa uzito. Miaka miwili na nusu baada ya kutangaza kwamba shule ziandae wananchi wanaoamua, dola ilifunga mahali pekee palipokuwa pamefika mbali katika kuwaandaa.

Kilichobaki nchini ni jembe. Elimu ya Kujitegemea ikafupishwa ikawa EK, na kwa wengi shamba la EK likawa na maana moja: kazi inayosimamiwa na mwalimu wa zamu. Baada ya Azimio la Musoma shule za sekondari zilitakiwa kuchangia robo ya gharama zao za uendeshaji kwa uzalishaji wao, na agizo hilo, hata kama lilitokana na umaskini halisi wa nchi, lilibadilisha maana ya shamba. Shule ilianza kupimwa kwa magunia. Mwalimu mkuu anayetakiwa kutoa magunia hana muda wa kuitisha mkutano wa wanafunzi wajadili kama wapande mahindi au alizeti, wala hatawaachia wakosee, kwa kuwa kosa lao litakuwa upungufu wake. Hesabu za EK zikakaa ofisini. Kulima kukawa pia adhabu: aliyechelewa alipimiwa ngwe yake, na mtoto aliyelima kwa kosa hawezi kuamini kesho kwamba kulima ni heshima. Wazazi walilalamika kwamba watoto wanatumikishwa, na hawakukosea, ila walichokiona kilikuwa kivuli cha mpango wenyewe.

Hapa kuna pingamizi ninalolichukulia kwa uzito. Wapo watakaosema kwamba kauli ya mwanafunzi ni anasa, na kwamba nchi iliyokuwa ikiwatoa mamilioni gizani ilikuwa na haki ya kutanguliza wingi. Takwimu zinawapa nguvu. Sensa ya 1967 ilikuta theluthi mbili ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika. Kufikia 1986, baada ya kampeni za kisomo, serikali ilihesabu chini ya asilimia 10. Karo ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 1973. Mkutano wa Musoma wa Novemba 1974 ulivuta lengo la elimu ya msingi kwa wote kutoka 1989 hadi 1977, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 shule za msingi zilikuwa na zaidi ya watoto milioni 3. Walimu wa kuwafundisha walipatikana kwa njia ambayo nchi chache zimethubutu kuijaribu: vijana waliomaliza darasa la saba walipewa madarasa, wakisoma ualimu hukohuko vijijini kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowatembelea. Takribani elfu arobaini walihitimu hivyo. Jina la mwalimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, limegeuzwa kuwa dhihaka, na dhihaka hiyo haina haki hata kidogo. Bila vijana wale mamilioni ya watu wasingeandika majina yao.

Lakini ukikubali yote hayo, bado haifuati kwamba wingi ulilazimisha ukimya. Kijana wa miaka 18 aliyesimama mbele ya watoto themanini akiwa na chaki na kitabu kimoja alifundisha kwa njia pekee aliyoiona akiwa mwanafunzi: andika ubaoni, soma kwa sauti, wote warudie. Hakuna aliyempa njia nyingine. Darasa kubwa linazuia mengi, sibishi. Huwezi kusahihisha madaftari themanini kwa undani kila siku. Halizuii, hata hivyo, wanafunzi kugawana usimamizi wa kisima, maktaba ndogo au bustani, wala halizuii wakubwa kuwasomesha wadogo. Tena darasa likiwa kubwa ndivyo mwalimu anavyozidi kuhitaji wanafunzi wenye wajibu wa kweli. Litowa nayo ilikuwa maskini. Haikuendeshwa kwa fedha ambazo shule nyingine hazikuwa nazo.

Pingamizi la pili ni la mtihani, na ni zito zaidi. Mtihani, watasema, ndio mwamuzi pekee asiyejua mtoto ni wa nani. Mtoto wa mkulima wa Namtumbo na mtoto wa mkurugenzi wa Oysterbay hukutana kwenye karatasi moja yenye namba, bila jina. Ukiuondoa, wenye jamaa serikalini ndio watakaopita. Hilo ni kweli, na ndilo linaloeleza kwa nini wazazi waliupenda mtihani hata wakati serikali yenyewe iliukosoa. Sekondari ilipokuwa inachukua watoto wachache kuliko kumi katika kila mia, kama ilivyokuwa miaka ya 1980, hakuna mzazi mwenye akili timamu ambaye angekubali mwanawe atumie asubuhi akijadili bei ya alizeti. Baada ya Musoma serikali ilijaribu kuupunguza makali: alama za sekondari zikagawanywa, nusu mtihani wa mwisho, nusu maendeleo ya darasani, na mwenendo na bidii ya kazi ya mwanafunzi vikaingia katika kupimwa kwake. Jaribio hilo lilistahili kusifiwa, ila lilileta jambo ambalo halikutazamiwa. Mwalimu akawa na kalamu juu ya tabia ya mwanafunzi, na tabia iliyolipa ni ya unyamavu. Mwanafunzi aliyeuliza kwa nini fedha za EK hazijulikani zilipo aliweza kuandikwa kuwa mkaidi. Kwa hiyo hata mageuzi ya upimaji yaliongeza nguvu ya mkubwa, hayakuongeza nafasi ya mdogo. Haki ya karatasi yenye namba ninaitaka ibaki. Nisichokubali ni kwamba karatasi hiyo lazima iulize mambo ya kukariri tu, au kwamba shule nzima ijipange kwa ajili ya saa zile chache za Baraza la Mitihani.

Kuna ukimya mwingine ambao hakuna mbinu ya kufundishia itakayouvunja. Mtoto wa shule ya umma husoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha Januari ya kidato cha kwanza fizikia, historia na jiografia huja kwa Kiingereza. Tume ya elimu ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee kupanda hadi sekondari; mwaka uliofuata serikali ilikataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, walipima wanafunzi na kukuta kwamba wengi hawakiwezi Kiingereza kiasi cha kukitumia kujifunzia. Uamuzi haukubadilika. Sera ya 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili katika ngazi zote, na toleo la 2023 limekiacha Kiingereza kuwa lugha ya sekondari. Najua hoja ya wazazi wengi: Kiingereza ndicho chenye ajira, na mtoto asiyekijua ataachwa nyuma. Ni hoja ya haki kuhusu kukifundisha Kiingereza vizuri, kama somo, na walimu walioandaliwa. Haijibu swali la mwanafunzi anayetaka kuuliza kwa nini maji hupanda kwenye shina la mti na hana maneno ya kuulizia. Mtu hawezi kubishana kwa lugha anayoogopa kuikosea, hasa penye fimbo. Kanuni za 2002 zilipunguza viboko hadi vinne na kumwachia mwalimu mkuu, au aliyemteua, peke yake haki ya kuchapa, kwa kumbukumbu ya maandishi. Anayezijua shule anajua jinsi kanuni hizo zinavyozingatiwa.

Mtaala wa 2005 ulipokuja na ushirikishwaji, ulikuta mambo haya yote mahali pake. Walimu waliambiwa wagawe wanafunzi katika vikundi, na mafunzo kazini hayakuwafikia wengi. Matokeo yalikuwa vikundi vya watoto kumi na watano wakizunguka kitabu kimoja, mmoja anaandika, wengine wanaangalia dirishani. Andalio la somo likawa na safu ya vitendo vya mwanafunzi ambayo mkaguzi aliipitisha kwa kuikuta imejazwa. Kisha somo linakwisha, mwalimu anauliza, "Mmeelewa?" na darasa zima linaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimu!" Jibu hilo limekuwapo katika kila mtaala. Ni jibu la watu waliojifunza kwamba kuna jibu moja tu linalotakiwa. Shule za kata ziliongezeka kwa kasi baada ya 2004, jambo jema kabisa kwa watoto waliokuwa wakiachwa nje, na matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yakaonyesha watahiniwa zaidi ya nusu wakipata sifuri. Waziri Mkuu aliunda tume, madaraja yakapangwa upya, mjadala ukageukia walimu wasio na vifaa na wanafunzi wasio na bidii. Ni wachache waliouliza vijana wale walikuwa wamepata kuamua nini, wakiwa na miaka 17 au 18, katika miaka yote kumi na moja waliyokaa shuleni.

Wengine watajibu kwamba kumpa mtoto kauli ni mambo ya kuiga, na kwamba kwetu mtoto husikiliza wakubwa. Historia inawapinga. Wanyakyusa wa Rungwe walikuwa na desturi ya wavulana, wakifika umri wa miaka kumi hivi, kujenga kijiji chao wenyewe kando ya wazazi, wakiishi na rika lao na kukua nalo hadi kukabidhiwa ardhi. Usukumani vijana walikuwa na vikundi vya kazi vyenye viongozi wao, vilivyopatana na wenye mashamba juu ya malipo na vilivyowaadhibu wazembe wao wenyewe. Heshima kwa wakubwa ilikuwapo, kali kuliko ya leo, na haikuzuia vijana kuwa na eneo lao la kuamua. Mfumo wa viranja wanaoteuliwa na ofisi ya walimu ndio uliokuja na meli. Aliyezoea kuona mtoto asiye na kauli akadhani hiyo ndiyo mila, ameichukua shule ya kikoloni akaiita asili yetu.

Ninayaandika haya kwa sababu mageuzi mapya yameanza. Tangu 2024 mtaala mpya unaingia darasa kwa darasa. Elimu ya msingi inapungua kuwa miaka sita, elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, na sekondari ina mkondo wa jumla na mkondo wa amali: kilimo, ushonaji, uashi, umeme, upishi na mengine. Ni mpango mzuri, na unafanana na wa 1967 zaidi kuliko waandishi wake wanavyosema. Karakana zitajengwa, vyerehani vitanunuliwa, bustani zitalimwa, na bidhaa zitauzwa, kwa kuwa kijana wa kidato cha pili akishona sare nzuri mzazi wa jirani atainunua. Hapo ndipo EK ilipopotea. Miongozo inayotumwa shuleni inaeleza vifaa, vipindi na upimaji. Naomba ieleze pia, kwa kifungu chake, kwamba daftari la mapato ya karakana litaandikwa na wanafunzi waliochaguliwa na wenzao kwa kura, litasomwa mbele ya darasa kila mwisho wa mwezi, na kwamba darasa, pamoja na mwalimu wao, ndilo litakaloamua kama fedha zitanunua kitambaa kingine, mashine ya pili, au chakula cha mchana. Watakosea mara kadhaa. Mthibiti ubora atakayefika aulize kwanza walikosea nini na walirekebisha vipi, kabla ya kuomba kuona andalio la somo.